Kabla ya Kuwaondoa Kuku Uani, Omba Kuonyeshwa Kifungu

Mfugaji wa mjini anapoambiwa kwamba kufuga kuku "hairuhusiwi hapa", asikimbilie kubishana wala kuwauza kuku wake kwa bei ya kutupa. Aulize kwa adabu ni sheria gani inayokataza na ni kifungu kipi, kisha aombe jibu hilo kwa maandishi. Ninafuga kuku wa kienyeji nyumbani kwangu hapa Dar es Salaam, niliwahi kuletewa barua ya kunitaka niwaondoe, na hadi leo wapo.

Katiba yetu, bila shaka, haiwataji kuku. Hata hivyo Ibara ya 24 inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na ya kupata hifadhi ya mali yake kwa mujibu wa sheria, na Ibara ya 13(6)(a) inamhakikishia haki ya kusikilizwa pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa. Tena, ufugaji wa mjini si jambo geni katika sheria zetu: kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 zilihesabu ufugaji kuwa sehemu ya kilimo hicho, zikauwekea mipaka badala ya kuupiga marufuku.

Masharti yanayomgusa mfugaji wa uani hupatikana zaidi katika sheria ndogo, ambazo halmashauri hutunga kwa mamlaka ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982. Mkoa wetu una Jiji la Dar es Salaam, ambalo zamani lilikuwa Manispaa ya Ilala, pamoja na Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, na kila halmashauri hutunga zake. Kwa hiyo aliyoambiwa shemeji yako wa Mbagala huenda yasikuhusu wewe wa Kimara. Sheria ndogo hupitia kwa waziri na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Tangazo lililobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa, au azimio la mkutano uliojaa hasira, si sheria ndogo. Nenda kwa mwanasheria wa halmashauri uombe nakala, na ukikuta inadai kibali, kiombe mapema, kwa sababu mwenye kibali mkononi hahitaji maneno mengi.

Baada ya hayo yote, malalamiko mengi hayahusu kuwapo kwa kuku. Yanahusu harufu, nzi, na jogoo anayewika saa tisa usiku dirishani kwa mtu anayewahi daladala alfajiri. Hapo ndipo Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inapompa afisa afya nguvu ya kushughulikia kero, na hapo Ibara ya 24 haitakusaidia kitu. Utetezi wa kweli basi huanzia bandani. Wakati wa masika maranda hulowa na kuvunda upesi, kwa hiyo yabadilishwe mara kwa mara, vyombo vya maji visivuje, na samadi itolewe kabla haijarundikana. Walima mchicha huipokea kwa furaha. Chanjo ya kideri irudiwe kila baada ya miezi mitatu na kuandikwa kwenye daftari. Jogoo, kama hutaki vifaranga, ni heri aende sufuriani, maana mitetea hutaga bila yeye.

Barua yangu ilitaja "usumbufu" bila kueleza ni usumbufu gani. Nilijibu kwa maandishi, nikaomba kero itajwe ili niiondoe, nikamwalika afisa mifugo wa kata akague banda na daftari la chanjo. Taarifa yake ndiyo iliyosomwa tulipoitwa kusikilizwa, na jirani aliyelalamika akakubali banda lisogezwe mbali na ukuta wake. Amri ya kuondoa kero na amri ya kuondoa kuku ni vitu viwili tofauti, na mfugaji asikubali ya pili itolewe kwa jina la ya kwanza. Akitozwa faini, adai kumbukumbu namba ya malipo na stakabadhi, asitoe fedha mkononi.

Kwenda mahakamani kunawezekana, lakini kuishtaki halmashauri kunahitaji kwanza notisi ya siku 90, na sijaona banda la uani linalostahili gharama hizo ikiwa mazungumzo ya kata bado yapo.

Mpangaji naye atazame mkataba wake kabla ya sheria yoyote, kwani mwenye nyumba anaweza kukataza mifugo hata pale halmashauri inaporuhusu. Ikiwa mkataba uko kimya, amwombe ruhusa kwa maandishi kabla ya kununua mtetea wa kwanza.