Shingo kupinda baada ya sindano: ni skizofrenia au ni dawa?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili, hapa Dar es Salaam. Wodini nilimkuta kijana mwenye skizofrenia aliyechomwa sindano ya haloperidoli, dawa ya kutuliza dalili za ugonjwa huo, jana yake. Shingo ilikuwa imepinda na macho yameelekea juu, na mama yake akasema pepo wamempanda. Je, ugonjwa ulikuwa umezidi?

Jibu: Kwa maelezo yako, hiyo inaelekea kuwa distonia ya ghafla, yaani misuli kukakamaa kwa sababu ya dawa. Skizofrenia yenyewe hujitokeza zaidi katika fikra na mwenendo: mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, hushikilia imani zisizotikiswa na ushahidi wowote, maneno yake hukosa mtiririko, na (hili wanafunzi hulisahau) hupoteza ari na hamu ya kuwa na watu. Ipo pia katatonia, ambapo mgonjwa huweza kuganda katika mkao mmoja, lakini shingo inayopinda kwa maumivu siku moja baada ya sindano hutufanya tuishuku dawa kwanza.

Haloperidoli hutuliza sauti kwa kuziba vipokezi (sehemu za seli zinazopokea ujumbe) vya aina ya D2 vya dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe katika ubongo. Vipokezi hivyo vipo pia katika sehemu za ubongo zinazoratibu misuli, na dawa haichagui. Dopamini ikizibwa huko, asetilikolini, kemikali nyingine ya ubongo, huzidi nguvu na misuli hukaza. Ndiyo sababu dawa zinazopinga asetilikolini huleta nafuu, na zikitolewa kwa sindano nafuu hiyo huonekana mara nyingi ndani ya nusu saa. Vijana wa kiume ndio wanaopatwa zaidi. Mwite daktari mara moja, na uangalie upumuaji, kwa kuwa misuli ya koo ikikaza maisha huwa hatarini.

Mimi huhofia zaidi akathisia, yaani mwili kukosa utulivu kwa sababu ya dawa hizi, kwa sababu hufanana mno na ugonjwa wenyewe. Mgonjwa hawezi kukaa, hutembea huku na huko usiku kucha, na asubuhi faili linasomeka kwamba ana fujo. Dozi inaongezwa, naye anazidi kuteseka. Muulize kwa upole: “Ni mwili unaokataa kutulia, au kuna jambo linalokutisha?” Wengi hujibu sawasawa, hata wale wanaosikia sauti.

Ukikuta homa, misuli migumu na kuchanganyikiwa kwa pamoja, hiyo ni dharura: dozi inayofuata isitolewe kabla daktari hajamwona.

Kuhusu mama, usibishane naye juu ya pepo. Mweleze kwamba hali hiyo imeletwa na sindano, kwamba inatibika, na kwamba mwanawe asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, bali daktari ndiye atakayepunguza dozi au kubadilisha dawa. Kisha andika kwenye faili jina la dawa, dozi, na saa dalili zilipoanza, ili kijana atakapohudhuria kliniki nyingine, iwe Temeke au Mwananyamala, asichomwe dozi ileile bila tahadhari.