Maswali ya Wasomaji: Pakiti ya majani ya Kichina inatibu sepsisi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama mkwe wangu ana kisukari, na kidonda cha mguuni kimemletea homa kali. Muuza dawa mmoja ametupa pakiti ya majani makavu, anasema ndiyo Xuebijing ya Kichina iliyothibitishwa kuokoa wagonjwa wa sepsisi. Tumchemshie? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Msichemshe, mpelekeni hospitali leo. Sepsisi ni hali ya hatari ambapo mwili, ukipambana na maambukizi, huanza kudhuru viungo vyake wenyewe. Akianza kuhema haraka, kuchanganyikiwa au kukojoa kidogo, msingoje hata kupambazuke.

Jina hilo halikutungwa. Xuebijing ni dawa ya sindano iliyosajiliwa China mwaka 2004, iliyotengenezwa kwa mimea mitano: honghua, chishao, chuanxiong, danshen na danggui. Na ushahidi wake si wa kubeza. Utafiti wa EXIT-SEP, uliochapishwa 2023, ulihusisha wagonjwa 1,817 wa miaka 18 hadi 75 katika wodi 45 za mahututi nchini China. Kwa bahati nasibu, nusu walipewa dripu ya mililita 100 kila saa 12 kwa siku 5, nusu maji ya chumvi kiasi kilekile. Kufikia siku ya 28 walikuwa wamefariki asilimia 18.8 ya waliopewa dawa na asilimia 26.1 ya wale wa maji ya chumvi. Hesabu hiyo ni kama kuokoa mmoja katika kila wagonjwa 14. Lakini wote walikuwa wakipata matibabu ya kawaida ya sepsisi, na hakuna aliyenyweshwa chai.

Mbona basi tunasita? Kwa sababu ya Xigris. Mwaka 2001 dawa hiyo, ambayo si ya mitishamba, ilipunguza vifo vya sepsisi kutoka asilimia 30.8 hadi 24.7, ikaidhinishwa Marekani. Utafiti ulipokuja kurudiwa, faida haikuonekana, na 2011 ikaondolewa sokoni. Mimi ningetaka kuona Xuebijing ikijaribiwa vivyo hivyo nje ya China kabla ya kuishangilia.

Pakiti yenu ni jambo jingine kabisa. Kinachoingia moja kwa moja kwenye mshipa hakifanani na kinachopita tumboni na kwenye ini, na majani yaliyosagwa hayakuambii ni ya mmea gani. Wala asijitokeze mtu wa kuyachuja na kumdunga!

Hospitalini atatolewa damu ya kuotesha vijidudu, kisha antibayotiki ya mshipani. Sepsisi ikishukiwa sana, ndani ya saa moja. Kidonda nacho lazima kifunguliwe, usaha utoke na nyama iliyokufa ikatwe. Familia nyingi hukwama hapo kwa kuogopa kisu, huku antibayotiki ikishindwa kufika penye nyama isiyo na damu.

Chukueni dawa zake zote pamoja na hiyo pakiti. Kama ameshakunywa, semeni lini na kiasi gani, hasa kama anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda: danshen huiongezea nguvu, na mgonjwa anaweza kuvuja damu akiwa mezani kwa daktari wa upasuaji.