Faharasa ya Kitabu kwa Programu Jalizi: Kwa Mnaoanza Kupanga Kurasa

Faharasa ninayoizungumzia hapa ni ile orodha ya mwisho wa kitabu inayoonyesha jambo fulani linapatikana ukurasa gani, si orodha ya maana za maneno magumu, ambayo baadhi ya vitabu vyetu huipa jina hilohilo. Adobe InDesign, programu ya kupangia kurasa za vitabu, ina paneli yake ya kuitengenezea, ambamo mpangaji huweka alama kwenye neno moja baada ya jingine. Programu jalizi, yaani programu ndogo inayoongezwa ndani ya InDesign, au plagini kama tulivyozoea kuiita, hurahisisha mambo: unaipa orodha ya maneno, inapitia muswada mzima, na baada ya muda mfupi inakurudishia maneno yale kwa mpangilio wa alfabeti pamoja na namba za kurasa. Urahisi huo ndio ulioniponza.

Kitabu cha kwanza nilichokipanga kilihusu historia ya pwani. Niliingiza neno “Kilwa”, nikaletewa mstari mmoja wenye namba za kurasa zaidi ya 40. Mhariri aliutazama, akaniuliza ni Kilwa ipi. Kilwa Kisiwani yenye magofu, Kilwa Kivinje ya misafara ya karne ya 19 na Kilwa Masoko yaliko makao ya wilaya leo ni mahali patatu tofauti, na msomaji anayetafuta habari za Msikiti Mkuu wa kisiwani hana sababu ya kufunua kurasa zote hizo. Kwa kuwa mwandishi mara nyingi alisema “Kilwa” tu, nililazimika kusoma aya moja moja na kuamua.

Shida nyingine imo katika lugha yenyewe, na miongozo ya programu hizi, ambayo mingi imeandikwa kwa kuifikiria Kiingereza, haitakuonya. Chukua neno “mto”. Ukilitafuta bila kuamuru litafutwe kama neno zima, utaletewa “mtoto” na “mtoro”. Ukiamuru hivyo, utakosa “mito”, “mtoni” na “mitoni”. Kwa hiyo, kama plagini yako inakubali ruwaza za utafutaji, yaani maandishi yanayoieleza itafute maumbo kadhaa kwa mpigo, andika maumbo yote manne kwa kuyatenganisha na mstari wima, mto|mito|mtoni|mitoni, ukiendelea kuamuru yatafutwe kama maneno mazima, kisha yaelekeze yote chini ya kidahizo kimoja, yaani neno moja linaloorodheshwa katika faharasa. Ni kazi ya kuchosha, lakini hufanywa mara moja tu kwa kila neno, na orodha hiyo utaitumia tena katika kitabu kijacho.

Hata hivyo, hakuna ruwaza itakayokutofautishia “Mwalimu” anayeanzisha sentensi, ambaye ni mwalimu yeyote wa shule, na “Mwalimu” ambaye ni Julius Nyerere. Wala haitauona ukurasa unaomtaja kwa maneno “Rais wa kwanza” pekee. Hapo tumia alama za mkono, na usione aibu kuzitumia.

Angalieni pia ritifaa, ile alama ya juu katika “ng’”. InDesign inaweza kuibadilisha ile iliyonyooka kuwa iliyopinda wakati wa kuingiza maandishi, nami niliwahi kupata faharasa ya kitabu cha ufugaji isiyo na “ng’ombe” hata mmoja, kwa sababu orodha yangu ilikuwa na ritifaa ya kibodi.

Amueni mapema kama vidahizo vitakuwa vya umoja au vya wingi, kwa kuwa kwetu uamuzi huo mara nyingi hubadilisha herufi ya kwanza. Mimi huwaweka watu katika wingi, “wakulima”, kisha chini ya M nikaandika “mkulima, tazama wakulima”. Wapo wanaofanya kinyume. Muhimu ni kutochanganya.

Mwisho, faharasa ya InDesign haijisahihishi yenyewe kurasa zinaposogea. Ni lazima uizalishe upya na kuibadilisha ile ya zamani. Hivyo kila nikipokea masahihisho, hata ya picha moja iliyoongezwa, huizalisha tena, huchagua vidahizo 20 bila mpangilio, kisha hufungua kila ukurasa uliotajwa nikiwa na kalamu mkononi. Kimoja kikikosea, hukagua vidahizo vyote vya herufi yake kabla ya kutuma faili kiwandani.