Babu hakututupa, jibu langu kuhusu yule mzee wa sarakasi

Jamani ndugu zangu, mjomba ameuliza kwenye grupu la familia eti mimi nipo Marekani miaka yote hii kwanini sifuatilii mali za babu yake, yule aliyekuwa mtu wa sarakasi, na shangazi akaongezea kwamba mzee alipata hela akatutupa. Najibu wazi, maana hilo la kututupa linaniuma.

Mali hakuna. Ile picha ya babu, amevaa manyoya kashika mkuki, hakuwa mwana wa mfalme popote. Miaka ya 1920 mtu mweusi kwenye sarakasi za huku kwa kawaida hakupewa nafasi hema kubwa, aliwekwa hema la pembeni, apige bendi au awe wa kutazamwa, na wengi walitangazwa kuwa Wazulu hata kama mtu kazaliwa hapa hapa. Babu naye alivaa alichopewa ili ale.

Alafu hebu fikirieni maisha yenyewe. Sarakasi kubwa zilikuwa na treni zao, usiku mnasafiri, alfajiri mnashusha mizigo na kusimamisha mahema, saa nane mchana shoo, saa mbili usiku shoo nyingine, na hiyo ya usiku haijaisha huku nyuma hema la kulia chakula limeshang'olewa liko kwenye behewa, kesho mji mwingine, na kesho kutwa mwingine, hivyo hivyo msimu mzima mpaka baridi iingie. Maji ni ndoo mbili kwa mtu, hizo hizo uoge, ufulie, utoe rangi usoni. Vibarua walilala wawili wawili kitanda kimoja. Na mshahara kampuni nyingi zilikuwa zinashikilia sehemu mpaka msimu uishe, ukiumwa au ukiondoka katikati imekula kwako. Mimi huku nalipwa kila wiki mbili na kodi ya nyumba ikifika bado napiga hesabu usiku kucha, sasa yeye angetuma nini?

Mnasema hakujibu barua za bibi. Barua ingemfikia wapi mtu anayelala mji tofauti kila siku? Wasanii wa enzi hizo walitegemea gazeti la Billboard, hili hili watu wanalijua kwa muziki, lilikuwa linawapokelea barua na kuchapisha orodha ya majina, ukiona lako unaandika utumiwe. Ila bibi aliandika jina la nyumbani, na huku mzee alijulikana kwa jina la jukwaani, kwahiyo hata kama barua ilifika hapo nani angejua ni yake.

Hili la majina nililielewa vizuri nilipoenda makaburi ya Forest Park, karibu na Chicago. Tarehe 22 Juni 1918 treni ya sarakasi ya Hagenbeck-Wallace iligongwa kwa nyuma karibu na Hammond, Indiana, dereva wa treni iliyowagonga alikuwa amesinzia, mabehewa ya mbao yakashika moto, wakafa watu 86 hivi. Wengi wamezikwa pale pamoja, na kwenye mawe yao utasoma "Baldy", yaani mwenye upara, lingine "4 Horse Driver", mwendesha farasi wanne, mengine "Unknown Male", mwanaume asiyejulikana, basi. Wenzao waliokula nao na kulala nao hawakujua majina yao, wengine walikuwa ndio kwanza wameajiriwa. Nilisimama pale nikalia kweli, nikafikiria kuna familia ngapi mahali zilikaa zinasema huyu naye katutupa.

Kwahiyo mjomba, shangazi, nawaomba kwa heshima tuache kumsema vibaya mzee wetu.

Kama mnataka nimtafute nitamtafuta, ila nahitaji msaada wenu. Zile bahasha za barua alizomtumia bibi kabla hajanyamaza, zilizo kwenye sanduku, msizitupe hata kama barua zimeliwa na mchwa. Nipigieni picha muhuri wa posta, uonekane mji na tarehe. Kampuni nyingi zilichapisha vitabu vya safari vinavyoonyesha siku hii walikuwa mji gani, na pale Baraboo, Wisconsin, kuna makumbusho ya Circus World yenye maktaba ya vitu hivyo. Tukipata mihuri miwili mitatu tu, tunalinganisha na safari zao tunajua alikuwa na kampuni ipi, ndio tuanze kutafuta jina walilompa.