Muulize Sista: F ya Hisabati na vyuo viwili vya uuguzi

SWALI: Shikamoo Sista. Matokeo yangu ya kidato cha nne ni Kiswahili B, Biolojia C, Kemia D, Fizikia D, Kiingereza D na Hisabati F. Nataka kusomea uuguzi. Chuo kimoja cha binafsi Morogoro kimesema nina sifa, nilipe nianze. Kingine cha Dodoma kinataka na Hisabati iwe D, kwa hiyo nikareseti kwanza (nikarudie mtihani), nirudi mwakani. Mjomba, ambaye ndiye mlipa ada, anasema chuo kinachopokea mtu mwenye F ni cha kubabaisha. Rafiki yangu yeye ana F ya Fizikia, na wakala fulani kamwambia atume hela ya fomu, mengine yatarekebishwa. Nifanyeje?
Msomaji, Kilosa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mjomba wako anakutakia mema, lakini kwa hilo kakosea. Mwongozo wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya kati, kwa stashahada ya uuguzi na ukunga unataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na humo lazima ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza vimetajwa kama nyongeza tu. Dodoma wameongeza masharti yao juu ya hayo, ni haki yao. Morogoro hawajakuonea huruma, wamefuata mwongozo.

Mimi nasema nenda Morogoro. Usikae nyumbani mwaka mzima kwa ajili ya somo moja. Ila hiyo F usiizike, maana haiozi. Utasoma miaka mitatu, utafanya mtihani wa usajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, utapata leseni, utaingia kazini, na hakuna atakayekuuliza habari za Hisabati. Siku ukitaka digrii ndipo itakapochomoza. Vyuo vikuu vyetu, kwa anayetokea stashahada, kwa kawaida hutaka wastani wa B au GPA (wastani wa pointi za masomo yote) ya 3.0, na zaidi ya hapo D za kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Soma mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka utakaoomba, utayakuta. Nimefundisha muuguzi mzoefu wa wodi ya wazazi, GPA yake nzuri kabisa, aliyelazimika kwenda kukaa chumba cha mtihani na watoto wa rika la mwanawe kwa sababu ya somo hilohilo.

D inaanzia alama 30. Jiandikishe NECTA, Baraza la Mitihani, kama mtahiniwa wa kujitegemea, somo hilo moja tu. Usajili hufunguliwa mapema mwaka na mtihani ni Novemba. Mwaka wa kwanza uache upite, anatomia, somo la viungo vya mwili, itakutosha. Fanya mwaka wa pili, na uulize kabla ratiba ya mazoezi ya hospitali isije ikagongana na siku ya mtihani.

Wala usidhani huko chuoni umezikimbia hesabu. Mgonjwa kaandikiwa dripu, lita moja kwa saa nane, na mpira wake unatoa matone 20 kwa kila mililita. Unazidisha 1,000 kwa 20, unagawa kwa dakika 480, unapata kama matone 42 kwa dakika. Halafu unasimama pale kitandani na saa yako ya mkononi, unahesabu matone, unakaza na kulegeza kigurudumu mpaka yalingane. Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba, lakini nimeona watu wenye C wakitokwa jasho. Anayebahatisha tunamjua: anaangalia dripu ya kitanda cha jirani.

Kuhusu PCB, yaani mchepuo wa Fizikia, Kemia na Biolojia, kama kuna atakayekushauri uende kidato cha tano kwanza: kwa digrii ya uuguzi utatakiwa kidato cha sita upate angalau C ya Kemia, D ya Biolojia na E ya Fizikia. Kwa D zako mbili za sasa, za Kemia na Fizikia, sikushauri.

Kabla ya kulipa, hakikisha chuo kimo kwenye orodha ya NACTVET, na kwa kozi ya uuguzi hasa, si famasi au maabara peke yake. Kisha nenda getini saa za kutoka, mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili, umuulize wanafanyia mazoezi hospitali gani na wako wangapi kwa kundi. Wanafunzi ishirini kwa mama mmoja anayejifungua, utajifunza nini? Ofisini hawatakwambia hilo.

Rafiki yako asitume hata shilingi. Fizikia ni sharti la nchi nzima, hakuna wakala wa kuirekebisha. Areseti, basi.

Na mjomba mpelekee fomu ya kujiunga yenye gharama za miaka yote mitatu: ada, sare, hosteli, bima, nauli za kwenda hospitalini. Ada ya mtihani wa Hisabati iandike humohumo, kwa kalamu yako.