Niliacha sukari kwenye chai, kumbe shida ilikuwa ini

Kitambi changu kilianza mwaka niliopandishwa cheo, na mtaani kilipokelewa kwa shangwe. "Bosi, mambo yamekubali!" Miguu yangu ni myembamba kama ya korongo, kwa hiyo hata mimi sikujihesabu mnene. Mpaka nikapima sukari ya damu asubuhi kabla ya kula: 6.7 mmol/L, juu ya kawaida.

Nikaacha sukari kwenye chai. Chipsi mayai za usiku zikabaki, na juisi ya boksi pia, si ni matunda? Miezi mitatu baadaye, 6.8. Daktari akanipeleka ultrasaundi: ini limejaa mafuta.

Ndipo nikaanza kusoma. Insulini hubisha hodi kwenye seli ili sukari ipokewe. Mafuta yakikosa nafasi chini ya ngozi, huhamia kwenye ini na misuli. Humo kuna molekuli ya mafuta iitwayo diasilgliseroli. Ikirundikana, huamsha kimeng'enya kinachozima ujumbe wa insulini palepale mlangoni. Nyingine, seramaidi, huuzuia mbele kidogo. Wanasayansi bado wanabishana ipi ina makosa zaidi. Kwangu mimi matokeo yalikuwa yaleyale: hodi inapigwa, ndani hakuna anayeitika, na ini linaendelea kumwaga sukari usiku kucha. Ndiyo maana niliamka nayo juu na tumbo tupu.

Kilichonishangaza zaidi ni wakimbiaji wa mbio ndefu. Misuli yao ina mafuta tele, na insulini yao inafanya kazi vizuri mno. Wao huyachoma kila siku. Mzigo unaingia ghalani na kutoka. Wangu ulikuwa umelala.

Mwaka 2011, Profesa Roy Taylor wa Newcastle, Uingereza, aliwapa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili mlo wa takriban kalori 600 kwa siku. Ndani ya wiki 1 mafuta ya ini yalipungua na sukari ya asubuhi ikarudi kawaida. Usiige hilo peke yako, hasa kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari. Mimi nilikwenda polepole: soda na juisi nje, ugali nusu, chipsi basi, na kila baada ya chakula cha jioni natembea nusu saa.

Wewe anza na kamba. Pima nayo urefu wako, ikunje katikati ibaki nusu, izungushe kiunoni. Isipofika, kapime sukari hata kama huna dalili yoyote.

Kwa miezi mitano nilipungua kilo 9, sukari ikashuka hadi 5.4. Shangwe za mtaani zikageuka minong'ono: "Jamaa anaumwa nini?" Shangazi ndiye hajakubali kabisa. Nikienda kwake Jumapili ananipakulia wali wa nazi wa watu wawili, huku akinitazama kwa huruma. Napokea, nakula nusu, nyingine namwomba anifungie.