Kwa mantiki ipi?

SWALI: Kwenye insha yangu niliandika: "Ramon Llull alibuni mantiki ya magurudumu, kwa mantiki hiyo ndiye baba wa kompyuta." Mwalimu amepigia mstari "mantiki" zote mbili. Kosa liko wapi?

JIBU: La kwanza halina kosa, kalamu ya mwalimu imeteleza. Neno limetoka Uarabuni, kwenye mzizi wa kunena, na Llull, mwanafalsafa mzaliwa wa kisiwa cha Majorca wa yapata 1232, alilijua vizuri: alijifunza Kiarabu, akaigeuza mantiki ya al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, kuwa mashairi ya Kikatalani.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. "Kwa mantiki hiyo" siku hizi ni kikohozi cha wenye vipaza sauti. "Ndugu wajumbe, mvua imenyesha, kwa mantiki hiyo mgeni rasmi amechelewa, kwa mantiki hiyo tunaanza na chai." Chai imezaliwa na hoja gani? Mbona siku ya jua kali pia huanza na chai? Na mgeni rasmi asiyechelewa, mvua iwepo isiwepo, nani amewahi kumwona? Msemaji alitaka kusema "basi", akaliona fupi mno kwa suti aliyovaa.

Llull asingemwachia. Herufi tisa za magurudumu yake, B hadi K bila J, kila moja ilibeba mzigo. B peke yake ni wema, tofauti, swali la "je?", Mungu, haki, na uchoyo. Katika kitabu chake Ars brevis, cha 1308, anataka alfabeti hiyo ihifadhiwe kwa ghibu, la sivyo ufundi wenyewe haufanyi kazi. Ndipo uzungushe duara ndani ya duara: BCD, BCE, na kuendelea. Ukikutanisha B na C, yaani wema na ukuu, unadaiwa maelezo vinahusianaje. Huruki.

Wewe umeruka, tena karne kadhaa. Andika hivi: "Mwanahisabati Leibniz aliyafanyia kazi mawazo ya Llull katika kitabu chake cha 1666 kuhusu ufundi wa kuunganisha, ndiyo maana wapo wanaomhesabu Llull miongoni mwa mababu wa kompyuta." Hapo "ndiyo maana" ina kitu cha kushika. "Kwa hiyo" na "hivyo basi" nazo zipo, bure kabisa.

Mwenye kipaza sauti nimeshamchoka, aendelee na chai yake. Wewe unayeandika kuhusu mantiki yenyewe huna udhuru.